Koti la Kuku Mweusi

Kila asubuhi fundi cherehani alifungua banda la kuku, akamwaga pumba, kisha akaenda kushona. Asubuhi moja hakufika kwenye cherehani. Kuku mweusi alitoka mgongo mtupu, ngozi nyekundu kama kidonda.

"Hata kuku wanamlilia mama yako," alimwambia binti yake.

Mkewe, aliyewafuga kuku hao, alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma.

Fundi alichukua gauni la marehemu, akapima, akakata, akamshonea kuku koti. Kufika jioni, kuku wenzake walikuwa wamelidonoa hadi likachanika.

"Basi, tuwachinje," alisema. "Siwezi kuwatazama wakiteseka."

"Baba, hawa ndio tulioachiwa na mama. Ngoja kwanza."

Binti akamwita jirani yao, bibi mmoja aliyestaafu kazi ya mifugo. Bibi alilitazama koti.

"Mshono safi, fundi. Ila kuku hujishonea mwenyewe. Huyu amekosa uzi tu."

Akaunguza unyoya mmoja, kisha unywele wake mwenyewe. "Nuseni."

"Harufu moja," binti alisema.

"Ni ndugu. Unyoya, unywele, kucha, hata magamba ya miguu ya kuku, vyote vimejengwa kwa keratini, protini ngumu. Kuku ni wa ukoo wa dinosaria, wanyama wa kale mno. Baadhi yao walikuwa na manyoya membamba kama nyuzi, huenda ya kuwatia joto. Kuruka kulikuja baadaye."

"Kumbe nafuga majitu," fundi alisema, bila kucheka.

"Na unawalisha nini?"

"Pumba."

"Peke yake? Protini yake haitoshi. Kuku akipungukiwa, hudonoa manyoya ya mwenzake. Huyu mtengeni mpaka apone. Marehemu aliwapa nini?"

Binti alitazama kinu kilichokuwa pembeni. "Aliwatwangia dagaa."

Fundi aliinamisha kichwa.

Tangu siku hiyo binti alitwanga dagaa na kuchanganya na pumba. Baada ya wiki kadhaa, manyoya mapya yalichomoza mgongoni kama sindano, kisha yakafunguka, meusi, yenye kung'aa.

Asubuhi moja fundi alikuja akampokea binti mchi. Aliushika palepale ulipolainishwa na viganja vya mkewe.

"Dagaa sikuwasahau, mwanangu," alisema polepole. "Nilishindwa kukigusa kinu hiki. Na niliposema kuku wanamlilia mama yako, nilikuwa najisema mimi."