Kidole Gumba cha Chiriku

Mama Chiriku ni fundi cherehani. Kila mchana binti yake akitoka shule hukaa karibu na cherehani na kuuliza maswali. Mtoto hanyamazi. Ndiyo maana watu humwita Chiriku. Ana miaka saba.

Siku moja alirudi kimya.

"Kulikoni leo?" mama aliuliza.

"Wenzangu wamekata karatasi kwa mkasi. Mimi nimeambiwa nikae nitazame."

Mkono wa kushoto wa Chiriku ni dhaifu tangu alipozaliwa. Kidole gumba hujikunja ndani ya kiganja. Hawezi kushika karatasi kwa mkono huo huku mkono wa kulia ukikata.

Asubuhi mama alikwenda shuleni.

"Namhurumia, mama," mwalimu alisema. "Mkasi utamkata. Ana mkono mmoja mzima, unamtosha."

"Mwalimu, huruma ya namna hiyo siitaki. Mwanangu hakuja hapa kutazama."

Baba Chiriku ni fundi umeme. Naye habari ile ilimkera. Aliwahi kuona picha ya mchezaji mpira aliyebandikwa plasta begani. Basi akachukua utepe mweusi wa kufungia nyaya. Akakivuta kidole gumba nje, akakizungushia utepe, akaukaza. Chiriku aliuma meno, hakulia. Alitaka kushika karatasi.

Haukupita muda, kidole kikavimba na kuwa cha baridi. Mama aliukata utepe haraka. Ulipotoka, ulitoka na ngozi.

"Nimemuumiza mwanangu," baba alisema.

"Hatutakaa hapa kulaumiana," mama alijibu. "Wala hatuachi. Twende kwa anayejua."

Kliniki, walipokewa na dada mmoja mwenye vitu vya kuchezea na vifungo vya kila rangi mezani.

"Shikamoo, daktari," Chiriku alisema.

"Marahaba. Lakini mimi si daktari. Ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Nawasaidia watoto wafanye shughuli zao wenyewe: kula, kuvaa, kuandika, kucheza. Wewe unataka kufanya nini?"

"Kukata."

Mtaalamu alikitazama kidole. "Kwanza ngozi ipone. Plasta haibandikwi juu ya kidonda."

Waliporudi baada ya siku kadhaa, ngozi ilikuwa imepona. Mtaalamu alitoa plasta ya kitambaa inayovutika kama lastiki. Alibandika kipande kidogo tu kwenye mkono.

"Tusubiri hadi kesho. Ngozi ikikataa, hatuitumii."

Kesho yake ngozi ilikuwa salama. Mtaalamu aliuosha mkono na kuukausha vizuri. Akakata plasta, akazikata pembe zake ziwe mviringo ili zisibanduke upesi. Aliilaza kutoka kwenye kidole gumba hadi juu ya kifundo cha mkono, bila kuikaza.

"Inasaidia kidole kikae nje," alieleza. "Ila msikizungushie plasta kidole kizima hata siku moja. Damu itakosa njia."

Baba aliinamisha kichwa. "Sasa atapona?"

"Plasta haiponyi, baba. Na si kila mtoto inamfaa. Ni msaidizi tu. Kazi yenyewe ni mazoezi ya kila siku."

"Naweza kumbandika mwenyewe?"

"Nikishakufundisha, ndiyo. Kabla ya hapo, usijaribu. Baada ya siku tatu ipake mafuta, subiri kidogo, kisha uibandue polepole huku umeshikilia ngozi. Usiinyofoe. Akiwashwa, akiumia au akitoka malengelenge, itoe mara moja mje."

Nyumbani, mama alimpa Chiriku vipande vya kitambaa kigumu avishike kwa mkono wa kushoto. Vilianguka. Akaviokota. Vikaanguka tena. Siku nyingine alivitupa vyote kwa hasira.

"Mkono huu umegoma," alisema.

"Na wewe?"

Chiriku alifikiri. "Mimi sijagoma." Akaenda kuviokota.

Mwezi ulipita, na mwingine. Kila baada ya muda walirudi kliniki, na mtaalamu akapima maendeleo yake. Kisha siku ya mkasi ikafika darasani. Chiriku alichukua karatasi, akaibana kwa kidole gumba cha kushoto. Mwalimu akasogea kumsaidia.

"Niache, mwalimu. Nakata."

Wenzake walimaliza, wakatoka kucheza. Yeye alibaki, ulimi nje, akikata. Mwalimu alirudisha mikono nyuma na kusubiri. Mwishowe karatasi ikaachana vipande viwili.

Jioni mwalimu alimfuata mama kwenye cherehani. "Nilikosea," alisema. "Kuna mtoto mwingine shuleni anayekaa akitazama. Hiyo kliniki iko wapi?"

"Nitawapeleka mwenyewe," mama alijibu.

Mwalimu alipoondoka, mama alitafuta pini ili aitundike karatasi ya Chiriku ukutani.

"Usiitundike," Chiriku alisema. "Imepinda. Nipe mkasi nikate nyingine."