Ndege Haimsubiri Mjomba

Kila asubuhi kabla ya shule, Tumpe alichota maji kwenye bomba la mtaani kwao Ilomba, Mbeya. Tangu anyolewe nywele kwa sababu ya mapunye, alijifunga kanga kichwani. Haikumsaidia. Jackline, jirani yake na mwenzake wa darasa la sita, aliivuta kanga ile mbele ya wenzao akapiga kelele, "Oneni, kiazi kimemenywa!" Basi Tumpe akaitwa Kiazi. Alibaki akimtazama Jackline kama paka anavyolinda tundu la panya.

"Siku yako inakuja," alijisemea.

Ikaja. Bibi yake Jackline alikuwa ametolewa mtoto wa jicho Mbeya, na wanawe wakamchangia tiketi ya ndege asitikiswe na basi. Kesho yake angeruka kutoka uwanja wa Songwe hadi uwanja wa Nduli, Iringa. Huko angepokelewa na mjomba Jofrey, anayeishi Nyololo, njiani kati ya Mbeya na Iringa.

"Wewe Kiazi, si ndiye bingwa wa ramani?" Jackline akamwuliza bombani. "Mama anauliza, mjomba atoke Nyololo saa ngapi? Kwa basi huwa tunampigia likishaondoka Mbeya, ndipo anatoka kwenda barabarani kusubiri."

Tumpe alijua. Juzi tu walipima kwa rula darasani: angani ni kama kilomita mia tatu, na ndege huzikata kwa muda usiofika saa moja. Mjomba, ingawa yuko karibu zaidi na Nduli, angetumia zaidi ya saa mbili kwa gari. Akingoja ndege iruke, bibi angetua hana mtu.

"Fanyeni vilevile," Tumpe akasema kwa upole. "Ndege ikiruka, mpigieni. Atawahi tu."

Siku nzima alimwona Jackline moyoni mwake akigombezwa na ukoo mzima, akilia mpaka kamasi. Akaona raha.

Alasiri mama yake akamtuma apeleke mahindi ya kuchemsha kwa bibi yule.

"Shikamoo bibi. Ni Tumpe."

"Marahaba. Kamwene, mwanangu," bibi akamsalimu kwa lugha ya kwao. "Jicho hili limefungwa, na hili jingine halioni siku nyingi. Huko Nduli nitakaa watakaponiweka, nisikilize sauti ya Jofrey." Akacheka. "Upepo wa kule utanila!"

Shauri yao, Tumpe akawaza, akatoka. Alipofika mlangoni, moyoni akamwona bibi amekaa upeponi Nduli, akisikiliza sauti isiyokuja. Akarudi hadi jikoni, walikokuwa Mama Jackline na binti yake.

"Mama Jackline, nilidanganya," akasema, akaeleza yote.

"Mchawi wewe!" Jackline akafoka. "Bibi amekukosea nini?"

"Bibi hajanikosea. Wewe ndiye uliyenivua kanga. Na hasira bado ninayo!"

Mama Jackline akamtazama binti yake, kisha akapiga simu. "Jofrey, kesho ondoka alfajiri. Usingoje tukupigie."

Kesho yake mchana simu ikaita. Jofrey aliiona ndege ikitua, akamshika mama yake mkono pale pale.

Mama Jackline akawaita wote wawili. Jackline akaomba radhi, macho chini.

"Na wewe, Tumpe," mama yule akasema, "ulimlenga Jackline, lakini jiwe lako lilikuwa linakwenda kumpiga mzee asiyeona. Kisasi hakina macho. Mtu akikuonea, mwambie usoni, au njoo unishtakie mimi. Jana ulisema kweli ukiwa bado na hasira. Hilo ni gumu, na hilo ndilo nililolipenda."