Kaseti Kwenye Mkeka wa Pilipili

Asubuhi hiyo Wubalem alianika pilipili uani kwake, mjini Bahir Dar. Zilijaa mkeka mzima. Harusi ya binti yake Mintwab ilibakiza wiki mbili, na harusi isiyo na mchuzi mkali watu huisengenya mwaka mzima. Alipomaliza, aliingia ndani, akatoka na kaseti ya video. Akaiweka katikati ya pilipili.

Kaseti hiyo ilirekodiwa siku Mintwab alipobatizwa, akiwa na umri wa siku themanini. Ndani yake baba yake, Ayalneh, alimpakata na kumpa baraka. Mwaka uliofuata Ayalneh alifariki. Deki yao ya video nayo ikaharibika, na kaseti ikalala sandukuni miaka ishirini na sita. Mintwab hakuijua sauti ya baba yake. Wubalem alikuwa ameapa: mwanangu hatoki nyumba hii kabla ya kuisikia.

Lakini alipofungua sanduku, alikuta unga mweupe kwenye utepe. Ukungu! Nyumbani kwa Wubalem, kitu chenye ukungu dawa yake ni jua, kisha moshi wa ubani. Nguo, magunia, hata godoro. Dawa hiyo haikuwahi kumwangusha.

Jirani yake Demissew akaingia kunywa kahawa. Alikuwa fundi wa redio na televisheni, na kwa heshima ya umri wake wote walimwita Gashe.

"Mama Mintwab! Siku hizi unasaga kaseti na pilipili?"

"Cheka tu, Gashe. Naikausha. Baadaye naifukiza ubani, kesho naazima deki."

Demissew hakucheka tena. Aliinyakua kaseti, akakimbia nayo kivulini.

"Imekaa juani tangu saa ngapi?"

"Tangu saa mbili. Saa nzima sasa."

"Mshukuru Mungu nina uroho wa kahawa. Jua ni daktari wa pilipili, si wa kaseti. Utepe huu ni plastiki. Ukipata joto unajikunja, na picha inapotea. Tazama, kasha limeanza kupinda."

Wubalem akalipapasa kasha lililopinda. Miaka yote hiyo aliitunza, na leo karibu aiue kwa mikono yake mwenyewe.

"Nimemzika mara ya pili," alisema.

"Hujamzika. Utepe wa ndani bado mzima. Ila hiyo deki ya kuazima usiiguse. Ukungu utachafua vichwa vinavyosoma utepe. Na utepe ukinasa, utakatika. Kwanza tunasafisha, ndipo tunacheza."

"Basi twende."

"Na kahawa?"

"Utainywa huko huko." Akalibeba birika zima, likiwa bado linatoa mvuke, akatangulia.

Karakanani Demissew alivaa barakoa, akampa naye moja, kwa sababu ukungu si mzuri kwa kifua. Alifungua skrubu tano kwa bisibisi. Akaufuta utepe taratibu kwa kitambaa laini kikavu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akauhamishia kwenye kasha jingine lililonyooka. Ukingoni mwa kasha hilo alivunja kipande kidogo cha plastiki.

"Mbona unavunja tena?"

"Ili mtu asije akarekodi kitu kingine juu yake."

Halafu akaunganisha deki yake na kompyuta. Waya wa njano ulibeba picha. Mwekundu na mweupe zilibeba sauti. Zote zilipitia kijidude kidogo kilichochomekwa kwenye kompyuta.

"Itachukua muda gani?"

"Kaseti ya saa mbili, saa mbili. Kompyuta inarekodi huku inatazama, kama wewe na mimi."

"Hakuna njia ya mkato?"

"Haraka haraka haina baraka, mama."

Dakika ya arobaini umeme ukakatika. Wakaanza upya siku ya pili. Ukakatika tena. Demissew akashauri waache mpaka baada ya harusi. Siku ya tatu Wubalem alikuja akisukuma toroli, na ndani yake jenereta aliyoiazima kwa mwenye kinu cha kusagia.

"Umeme ukikatika pilipili zangu husagwa kwa hii," alisema huku akihema. "Mume wangu naye atasikika kwa hii. Washa!"

Saa mbili zilipotimia, alikataa kusikiliza. Alitaka kusikia pamoja na mwanawe. Demissew akavaa visikilizi, akakagua peke yake. Alipovivua, macho yalikuwa mekundu.

"Sauti ipo," alisema. "Sasa nisikilize. Nakala moja ninayo kwenye kompyuta. Hii ya flashi ni yako. Flashi ya pili mpelekee dada yako Gondar. Nyumba moja ikiungua, nyingine inabaki. Na kaseti usiitupe. Isimamishe wima, pakavu, mbali na jua."

Habari haikukaa ndani. Kabla ya harusi, majirani wanne walikwishapeleka kaseti zao kwa Demissew. Kwenye mikeka zikabaki pilipili tu.

Asubuhi ya harusi, Wubalem alimkalisha Mintwab mbele ya televisheni, amevaa gauni lake jeupe. Kwenye kioo akatokea mwanamume mwembamba ameketi, na kitoto kinalia mapajani mwake.

"Mwacheni alie," alisema yule mwanamume, kwa sauti nene yenye kicheko. "Siku atakapoondoka nyumba hii nitalia mimi. Mwanangu, Mungu akukuze. Ufike miguu yangu isikofika. Nyumba yako isikose moto wala mgeni."

"Amina," walisema watu wa ndani ya kaseti.

"Amina," walisema watu wa ndani ya nyumba.

Bibi harusi hubusu magoti ya wazazi kabla ya kuondoka. Mintwab alibusu magoti ya mama yake. Kisha akainama mbele ya televisheni, akabusu kioo, pale yalipokuwa magoti ya baba yake. Hakuna aliyecheka.

Nje, magari ya bwana harusi yalianza kupiga honi.

"Mama, rudisha," alisema Mintwab. "Nataka kumsikia tena."

Wubalem akairudisha mwanzo.

"Waambieni wasubiri," alisema.