Karata za Kimondo

Jumamosi jioni, nyumba ya mpiga chapa ilikuwa na utaratibu wake. Mama, ambaye ni fundi cherehani, alifunika mashine yake kwa shuka, akafagia nyuzi na vipande vya vitambaa, kisha akaisogeza meza ya kukatia nguo katikati ya sebule. Kaka mkubwa alileta viti. Chiriku, msichana wa miaka kumi na mitatu aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, alizitoa karata kabatini na kuanza kuzichanganya huku akimtania kila aliyepita mbele yake.

Mchezo wenyewe uliitwa Meli ya Anga. Baba aliutengeneza kwa mabaki ya kadi ngumu kutoka kiwandani kwake. Upande mmoja karata zote zilikuwa buluu iliyokoza. Upande wa pili zilikuwa na picha: mitungi ya hewa, matangi ya maji, injini na vimondo. Wachezaji walikuwa wasafiri wa meli iliyopotea kati ya nyota. Karata zilitawanywa mezani kifudifudi, na zamu yako ikifika uliokota mbili bila kuzifunua. Moja yako, nyingine unampa mwenzako umtakaye.

"Huko juu mtu haishi bila kupewa," Baba alipenda kusema, maana kanuni hiyo aliitunga yeye na aliionea fahari.

Ila aliyefunua kimondo, awe amekiokota au amepewa, chumba chake kilikuwa kimetoboka. Alitupwa nje ya meli. Alikwenda kukaa kwenye kigoda karibu na mlango, marufuku kusema neno mpaka mchezo uishe, kwa kuwa angani hakuna hewa ya kubeba sauti. Wa kwanza kutupwa aliosha vyombo wiki nzima. Wa mwisho kubaki aliitwa Nahodha na hakugusa hata kijiko.

Chiriku hakupenda kuosha vyombo. Siku moja, alipobaki peke yake nyumbani, alizitoa karata za vimondo na kubonyeza kucha kwenye pembe ya kila moja. Alama ilikuwa ndogo mno. Jicho halikuiona, lakini kidole gumba kiliihisi. Tangu siku hiyo unahodha ukawa kama mali yake.

Kisha akaja Kidoti.

Kidoti alikuwa mtoto wa mama mdogo, msichana wa miaka kumi na mmoja mwenye alama nyeusi shavuni. Baba yake alikuwa amefariki zamani kidogo, na sasa mama yake alikuwa amelazwa hospitali akisubiri kuondolewa uvimbe tumboni. Kidoti alifika na begi moja, akawa analala chumba kimoja na Chiriku na kusoma shule moja naye. Alikuwa msikivu, mwepesi wa kazi, na kila mtu mzima aliyeingia nyumbani alimsifu.

Sifa hizo zilimkwaruza Chiriku moyoni. Mama alikuwa ameweka kitambaa cha manjano chenye maua meupe, na Chiriku alikuwa amekitolea macho kwa muda mrefu. Mama alikikata akamshonea Kidoti gauni la kuvaa akienda kumwona mama yake. Chiriku alingoja Jumamosi.

"Karibu ndani ya meli, mdogo wangu," alisema kwa tabasamu, akamsukumia Kidoti karata. Ilikuwa mtungi wa hewa. Kidoti alishukuru. Zamu iliyofuata, Chiriku alipapasa karata kama mtu anayechagua kwa bahati tu, akampa nyingine. Kimondo.

Watu wote walicheka. Kidoti naye alicheka, akaenda kwenye kigoda.

Jumamosi iliyofuata ikawa vilevile, na ile ya baada yake. Kaka mkubwa alishika mbavu. "Vimondo vinamjua huyu. Vikimwona tu vinakuja mbio."

"Ni kisirani," Chiriku alidakia. "Alikotoka kaacha balaa, na hapa kaja nayo."

Mama alimkanya kwa kidole, lakini alikuwa anatabasamu. Baba alifuta machozi ya kicheko. Pale kwenye kigoda, Kidoti alifungua mdomo, akakumbuka kuwa angani hapasemwi, akaufunga.

Jina la Kisirani lilifika shuleni Jumatatu yake tu, na aliyelifikisha hakuwa mwingine ila Chiriku. Kabla ya mtihani wa hesabu, hakuna aliyekubali kumwazima Kidoti kifutio. Wasichana wawili waliokuwa wakiketi naye walihamia dawati la nyuma. Mmoja alisema hana neno naye, ila mama yake mwenyewe anajifungua mwezi huo na hataki mkosi.

Madaktari walimpasua mama mdogo, na upasuaji ukaenda vizuri. Kidoti alivaa gauni lake la manjano akaenda kumtazama. Alirudi akiwa na furaha ambayo hakuna aliyewahi kuiona usoni mwake, akaeleza jinsi mama yake alivyolishika lile gauni na kuugusa upindo wake. Kesho yake habari ikaja kwamba mgonjwa amepandwa na homa.

Walikuwa wawili tu jikoni, Kidoti mikono imo kwenye beseni la vyombo. Chiriku aliegemea mlango.

"Si ulienda jana wewe?" alisema. "Basi. Ndiyo hiyo homa."

Sahani ilimponyoka Kidoti ikazama kwenye povu. Hakuiokota. Chiriku aliondoka akipiga mluzi, na kusema kweli alijisikia vizuri.

Kuanzia hapo Kidoti hakwenda tena hospitali. Mara tumbo linauma, mara kazi za shule ni nyingi. Siku moja Mama alimburuta mpaka wodini, naye akasimama mbali na kitanda, mikono nyuma. Mama mdogo alimwomba maji, kikombe kikiwa pale pale mezani. Kidoti alitikisa kichwa akatoka nje. Siku zilizofuata muuguzi alisema mgonjwa amesusa chakula, anauliza tu yeye amemkosea nini mwanawe.

Mama alishindwa kuvumilia. Mbele ya wateja waliokuja kupima nguo, alimgeukia Kidoti.

"Mama yako anakwisha pale, na wewe unajificha nyuma ya mlango. Ni mtoto wa namna gani wewe? Moyo wako umeumbwa na nini?"

Kidoti alitazama sakafu. Wateja walitazamana. Chiriku alikuwa karibu anapachika vifungo, na sindano ilimchoma kidole. Alijua jibu la swali lile, ni yeye peke yake aliyelijua, na alinyamaza.

Jumamosi mchana, kabla ya saa ya kuona wagonjwa, Kidoti alimkuta Chiriku chumbani. Mkononi alikuwa na lile gauni la manjano, amelikunja vizuri.

"Dada, naomba mpe mama mkubwa hili ampelekee mama. Alikipenda kitambaa chake. Anaweza kulilalia." Alisita. "Lakini mwambie alifue kwanza kwa maji ya moto. Mimi nimelivaa."

Chiriku alilipokea. Alitaka kusema kitu cha mzaha kama kawaida yake, mdomo ukakataa. Alimwangalia yule mtoto aliyekuwa akiogopa kwamba ngozi yake itamuua mama yake.

"Wewe si kisirani," alisema.

"Usinihurumie, dada. Nimejionea mwenyewe. Kila mchezo."

"Nilikuwa naiba. Nilikuwa nakupa vimondo makusudi."

Kidoti alitabasamu kidogo, kwa huzuni. "Unasema hivyo ili niende. Ahsante. Siendi."

Hapo ndipo Chiriku alipotambua kwamba ameusimika uongo wake imara kuliko alivyoweza kuung'oa kwa maneno. Alilitupia gauni begani, akamshika Kidoti mkono akamvuta sebuleni. Mama alikuwa anafunga kikapu cha mgonjwa, Baba anavaa viatu, kaka mkubwa anakula.

"Nina jambo," Chiriku alisema, na sauti yake ilikuwa ngeni masikioni mwake mwenyewe.

Alizitandaza karata zote mezani, upande wa buluu juu. Akamwomba Kidoti azivuruge. Kidoti alizivuruga. Kisha Chiriku alifumba macho, akaanza kupitisha kidole gumba kwenye pembe. Karata hii, hapana. Ile, hapana. Akaitoa moja akaiweka mbele ya Kidoti.

"Funua."

Kimondo. Akatoa nyingine. Kimondo. Na nyingine. Kaka mkubwa aliacha kutafuna. Chiriku aliendelea mpaka vimondo vyote vikawa vimelala mbele ya Kidoti, na wala hakukosea hata mara moja. Alipofumbua macho, hakuna aliyekuwa anamtazama yeye. Wote walikuwa wanamtazama Kidoti.

"Kwa hiyo si mimi," Kidoti alisema polepole.

"Si wewe."

"Na homa?"

"Homa sijui ilitoka wapi. Nilisema vile kwa sababu ya gauni."

Kidoti aliinua uso. "Mama aliniomba maji. Kikombe kilikuwa hapa, na mimi nilikuwa hapa. Nilimnyima, kwa sababu yako." Hakupaza sauti. Alilichukua gauni lake kutoka begani mwa Chiriku, akaingia chumbani kulivaa.

Baba alizikusanya karata, akahisi zile pembe moja moja kwa kidole chake kigumu cha kazi.

Wodini, mama mdogo alikuwa amelala ameelekea ukutani. Alisikia sauti ya mwanawe, hakugeuka.

"Leo umekumbuka una mama?"

Kidoti alikauka pale pale. Mama alimsukuma Chiriku mbele. "Sema," alimwambia. "Ulichokitenda kitoke kinywani mwako."

Chiriku alisema. Alisema yote, mbele ya wagonjwa wengine na ndugu zao, na wengine waliacha mazungumzo yao wasikilize. Mama mdogo aligeuka taratibu, akishikilia tumbo. Hakumjibu Chiriku, wala hakumtazama. Alinyoosha mkono kwa Kidoti tu. Kidoti alijaza kikombe maji, akakishika kwa mikono miwili mpaka mama yake akamaliza.

Baba alimtoa Chiriku nje, wakakaa kwenye benchi la ukumbini.

"Nilitaka nisioshe vyombo," Chiriku alisema huku akilia. "Ulikuwa mchezo tu."

"Sikiliza, mwanangu. Kucheza na mtu ni jambo moja, na kumchezea mtu ni jambo jingine. Ukicheza naye, nyote mnazijua kanuni. Kidoti alidhani anacheza nasi, kumbe wewe unamchezea. Na sisi wakubwa, mtoto anatupwa nje kila wiki, tukacheka, wala hatukujiuliza. Nami aibu hiyo ninayo."

"Nifanye nini?"

"Jina ulilolipeleka shuleni, kalirudishe."

Jumatatu Chiriku alimwomba mwalimu ruhusa, akasimama mbele ya darasa la Kidoti na kueleza. Walimsikiliza hadi mwisho, kisha mmoja akasema, "Mwizi wa karata," na darasa zima likaangua kicheko. Jina hilo lilimfuata uwanjani, bombani na njiani. Hata hivyo, wale wasichana wawili walirudi kwenye dawati lao la zamani, na mmoja alimpa Kidoti nusu ya kifutio chake.

Mama mdogo alianza kula. Kidonda kilikauka, na hatimaye aliruhusiwa kwenda nyumbani. Siku ya kuondoka, Kidoti alimkumbatia Mama, ambaye alikuwa amemwomba radhi kwa machozi. Aliwaaga Baba na kaka mkubwa. Alipofika kwa Chiriku alisimama kidogo, akasema, "Kwaheri," akainua begi lake na kumshika mama yake mkono. Hakugeuka nyuma.

Chiriku alibaki mlangoni mpaka walipopinda kona.

"Baba, atanisamehe lini?"

"Sijui," Baba alisema. "Labda mwakani, labda kamwe. Kusamehe ni kazi yake, usimharakishe. Yako wewe ni kusema kweli na kutomwonea mtu, hata pale ambapo hakuna atakayekusifu kwa hilo. Aliyeumizwa hana deni la kukufariji wewe uliyemuumiza. Kama ungelijua hilo mapema, usingembonyeza mtu hata kwa kucha."