Mkaguzi Aliyepewa Jibu Tamu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia kibanda cha babu yake. Alizoa nywele za jana, akafuta kioo kwa gazeti lililoloweshwa, kisha akapanga vitu mezani: mashine ya kunyolea, mkasi, kitana, brashi, kopo la poda. Zamani Babu alivitupa popote na bado akavipata. Siku hizi kila kitu kilipaswa kuwa mahali pake, kwa sababu Babu alivitafuta kwa vidole.

Jina la Chiriku alipewa na Babu mwenyewe. Alisema mtoto huyu alianza kuongea kabla ya kutembea, na tangu hapo mdomo wake haujapata likizo.

Babu alikuwa kinyozi wa mtaa mzima. Aliwanyoa akina baba tangu walipokuwa wavulana, na sasa alikuwa akiwanyoa watoto wao. Lakini daktari wa macho alimkuta na presha ya macho, ugonjwa usiouma, unaokula uwezo wa kuona taratibu kuanzia pembeni. "Usikawie, mzee," daktari alimwambia. "Upasuaji ufanyike mapema."

Mwanzoni nyumbani hawakuogopa. Babu alikuwa mwanachama wa bima ya afya ya wazee katika kampuni binafsi, na kwa miaka mingi hakuwahi kukosa kuichangia. Ila hospitali haikuweza kumpasua mpaka kampuni itoe kibali, na kibali hakikuja. Kila Mama alipopiga simu aliambiwa ombi linashughulikiwa.

"Linashughulikiwa na konokono?" Chiriku aliuliza.

"Konokono angekuwa ameshafika," Mama alijibu, bila kucheka.

Siku moja alikuja wakala wa kampuni, kijana mcheshi ambaye ndiye aliyemwandikisha Babu. Alipoingia alikisogeza kiti kilichokuwa njiani ili Babu asijikwae. Chiriku alimpenda kwa hilo.

"Mzee wangu, kesho utapata mgeni," wakala alisema. "Kuna ofisi ya serikali inayosimamia kampuni za bima. Mkaguzi wao anapita kwa wanachama wazee, anawauliza kama wanahudumiwa. Wewe mwambie mambo ni mazuri. Ukilalamika, faili lako litasimama mpaka uchunguzi uishe, na kibali chako kiko mlangoni."

"Kiko mlangoni kweli?"

"Mzee wangu! Nikudanganye wewe?"

Kesho yake Babu alivaa koti lake la kutokea. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, viatu vyake vimejaa vumbi, maana alikuwa ametembea nyumba kwa nyumba tangu asubuhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, pole na jua. Chiriku, mpe mgeni kiti."

Babu alitaka kummiminia maji mwenyewe. Nusu yaliingia kwenye glasi, nusu yakamwagika mezani. Mkaguzi aliyafuta kwa leso yake, polepole.

"Mzee, umewahi kunyimwa matibabu na kampuni yako?"

"Hapana, mwanangu."

"Au kucheleweshewa?"

"Aa, sisi hatuna neno. Wanatuhudumia vizuri sana."

Mkaguzi alimgeukia Chiriku. "Na wewe, mjukuu? Babu anapata matibabu yake?"

Chiriku alimtazama Babu. Uso wake ulikuwa umeelekea dirishani, mahali ambapo hapakuwa na mtu, na alikuwa akitabasamu. Nikisema, aliwaza, faili litasimama, na kosa litakuwa langu.

"Ndiyo," alisema. "Anapata."

Mkaguzi alingoja kidogo, kama mtu anayejua kuna neno jingine nyuma ya hilo. Halikuja. Akaandika, akainuka. "Ofisi yetu iko nyuma ya posta," alisema. "Mkikumbuka jambo lolote, njooni. Hata msipoitwa."

Majuma yalipita. Kibali hakikuja, na simu ya wakala ikawa haipatikani tena.

Babu aliendelea kunyoa. Wateja waliingia na vichwa vya kawaida wakatoka na vichwa vya ajabu. Hakuna aliyelalamika. Walimpa shukrani, wakatia kofia, wakaenda kumaliziwa kwa kinyozi wa stendi. Fundi bomba, rafiki wa Babu wa tangu ujana, hakwenda hata kwa huyo wa stendi. Aliyazungusha mabaka yake mji mzima, na aliyemcheka alimwambia ndiyo mtindo mpya.

Kisha siku moja mkasi ulimkata sikio fundi bomba huyo. Damu ilichuruzika mpaka kwenye kola.

"Nimekuumiza?" Babu aliuliza.

"Hata kidogo," fundi bomba alisema, machozi yakimlengalenga. "Endelea, ndugu yangu."

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake wa shule. Hakuweza kuvumilia tena.

"Babu, acha! Umemkata. Anatoka damu. Na kichwa chake kimekuwa kama shamba lililoingiliwa na mbuzi. Wote wanatoka hivyo."

Babu aliupapasa ukingo wa meza, akaweka mkasi.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla mkaguzi hajaja."

"Na ninyi nyote mkanyamaza?"

"Tulikuonea huruma," fundi bomba alisema kwa sauti ndogo. "Tuliogopa kukuvunja moyo."

Babu alikaa kwenye kiti cha wateja, kiti ambacho hakuwahi kukikalia. "Na mimi yule mama nilimwambia sina neno," alisema.

Kulipokucha, Mama aliomba ruhusa kazini, wakaenda wote watatu nyuma ya posta. Mkaguzi aliwakumbuka. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Chiriku alipofika mahali pa kusema "na mimi nilidanganya", mkaguzi alimsogezea glasi ya maji.

"Hakuna sheria inayozuia matibabu ya mtu kwa sababu amelalamika," alisema. "Hiyo ni hila ya kuwafunga wazee midomo. Na kwa mgonjwa kama wewe, mzee, kampuni ilipaswa kutoa jibu upesi. Kazi yetu ni kuilazimisha. Lakini mtaani kwenu kila mzee niliyemuuliza aliniambia mambo ni mazuri. Niliona maji yakimwagika mezani, nikashuku, ila siwezi kuishitaki kampuni kwa maji yaliyomwagika. Niliandika nilichoambiwa." Aliyashusha macho. "Kwa maandishi hayo kampuni imeongezewa muda wa leseni."

Mama alijishika kichwa.

Mkaguzi alifanya alichoweza. Kampuni iliamriwa kujibu, na kibali kile kilichokwama muda wote huo kikatoka kabla ya juma kwisha. Babu alipasuliwa. Siku ya kuondolewa bandeji, daktari alimwinamia, akamwelekezea mwanga jicho la kulia, kisha la kushoto. La kulia halikuuona kabisa. La kushoto liliona kama mtu anayechungulia ndani ya mrija.

"Hili tumelinusuru lisizidi," daktari alisema. "Lile limekwenda, mzee. Halirudi."

"Ningekuja mapema je?"

Daktari alimshika bega. "Ungekuwa unaona vizuri kuliko sasa," alisema. Hakumficha.

Kibanda kilifungwa. Wakala yule alifukuzwa, lakini mwezi haukuisha mtaa ukapata mwingine, na tabasamu lilikuwa lilelile. Mkaguzi naye alianza upya kupita nyumba kwa nyumba, mama mmoja kwa mji mzima.

Ndipo bibi mshonaji wa nyumba ya pili, aliyekuwa kwenye bima hiyohiyo, alipokuja jioni moja na kukaa kizingitini.

"Kesho huyo mama anakuja kwangu," alisema. "Dawa zangu za moyo wamenikatia. Lakini mgeni akikutembelea utaanzaje kumwagia shida zako? Si aibu?"

Babu alimtafuta Chiriku kwa mkono, akampata, akamkalisha karibu.

"Sikieni, wewe na mtoto huyu," alisema. "Mimi nilidhani nina adabu. Mgeni alitembea juani kuja kuutafuta ukweli, na ukweli ndicho kitu pekee alichohitaji nyumbani kwangu. Nikampa maji, nikampa kiti, ukweli nikamnyima. Ule ulikuwa uchoyo. Na uchoyo wangu haukuniumiza peke yangu. Umekufikia na wewe, dada yangu, kwenye dawa zako. Mtu aliyewekwa kutulinda akikuuliza, mwambie mambo yalivyo, hata kama sauti inatetemeka."

Bibi mshonaji alikunjakunja pindo la kanga yake.

"Na nikisema, wakanifuta kwenye bima?"

Babu alimgeukia.

"Mwambie hilo pia," Babu alisema. "Mwambie unaogopa."