Tumbo la Gaju

Kila asubuhi kabla ya shule, Niyigena alimpeleka kondoo wao, Gaju, mlimani na kumfunga kwenye kigingi palipo na nyasi. Jioni alimletea majani ya viazi vitamu. Baba yake, Papa Habumugisha, alikuwa amemwahidi jike wa kwanza atakayezaliwa.

Lakini mwaka uliopita mwana wa Gaju alikuwa mkubwa mno. Alikwama wakati wa kuzaliwa, akafa. Wanawake mtoni walisema mama yake alikula kupita kiasi, na Niyigena aliyaweka maneno hayo moyoni. Safari hii, mimba ilipofika mwezi wa nne, alianza kupunguza majani. Ajabu, tumbo lilizidi kutanuka. Akapunguza tena, likatanuka tena. Chakula kidogo, tumbo kubwa, hesabu gani hiyo? Darasani hakuna aliyemshinda kwa kutoa, lakini hapo alichanganyikiwa kabisa. Akazidi kukosea: akamfunga Gaju palipobaki udongo mtupu. Baba alipouliza, alijibu kwamba kondoo anakula hadi anasaza.

Jumapili, walipotoka kanisani, walimkuta Gaju amelala, hawezi kusimama, macho yake kama hayaoni. Papa Habumugisha akamwita Mama Drocella, mganga wa mifugo, naye akaja kwa pikipiki kutoka mji wa Sake. Alipapasa mgongo na tumbo la kondoo, akauliza anakula nini.

Baba alijibu kwa fahari kwamba hakosi kitu. Basi, akasema Mama Drocella, huenda ni minyoo, akatoa chupa ya dawa. Niyigena aliitazama ile chupa. Akinyamaza, Gaju atatibiwa ugonjwa asio nao.

"Mama, njo mimi," alikiri. "Nilimupunguzia chakula, mutoto asikwame tena."

Hakuna aliyemgombeza. Mama Drocella aliirudisha chupa mfukoni, akaomba asali na maji ya vuguvugu, akamnywesha Gaju kidogo kidogo. Huku akimnywesha alieleza kwamba sukari iliyo katika damu ya mama humfikia mwana kupitia kondo la nyuma. Mwana hutengeneza insulini yake mwenyewe, na hiyo ndiyo inayousaidia mwili wake kuipokea sukari na kukua. Sukari ikipungua, insulini ya mwana hupungua, naye hudumaa. Mama naye huyeyusha mafuta yake mpaka damu inaharibika.

"Sasa tumbo linakua kwa nini?" Niyigena aliuliza, bado haelewi.

"Ndani iko watoto wawili. Wanakula mama yao. Uliangalia tumbo, haukugusa mugongo."

Niyigena aliupapasa. Chini ya manyoya palikuwa na mifupa mitupu. Alilia sana.

Siku ya tatu Gaju alisimama. Baada ya majuma mawili ya majani mabichi na pumba za mahindi, alizaa wana wawili, wadogo, wenye miguu ya kutetemeka. Mmoja alikuwa jike. Niyigena hakuthubutu kumgusa. Alidhani ahadi imekufa.

Papa Habumugisha alimwinua yule jike, akamweka mikononi mwa binti yake.

"Kuogopa haiko kosa, binti yangu," alisema. "Ungeniambia woga wako, tungeuliza mwenye kujua. Ule uongo njo ulitaka kutuulia kondoo."