Mtani Aliposema Kweli

Hapa Bittou, mji wetu wa mpakani, hatuna bahari. Mchele, saruji, hata chumvi, vyote huja kwa malori kutoka bandari za nchi jirani. Noaga huziba pancha za malori hayo. Binti yake mkubwa, Azeta, alikua akiwatazama maafisa forodha wakikagua mizigo. Akasema, "Na mimi nitafanya kazi ile."

Alisoma kwa bidii, akajiandikisha kwa mtihani wa kuingia forodha. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Mwakani umri usingemruhusu.

Ndipo akaja Salifu, mtu wa maneno matamu.

"Mzee Noaga, nina mkubwa wangu kule mjini. Jina la binti limeshapita. Mtihani wa nini tena? Akionekana pale ataharibu mambo."

Noaga akampa kondoo dume wawili. Ndio ugonjwa wetu huu: mlango wa mbele uko wazi, sisi tunatafuta tundu la nyuma ya nyumba.

Jirani yao, Blaise Toé, ni afisa forodha. Aliposikia habari hiyo alikuja mbio.

"We mla punda, usidanganywe! Forodha hatuingizi mtu kwa uchochoro. Tangazo likitoka, mtu anajiandikisha mwenyewe. Anafanya mtihani. Akifaulu, anapimwa mbio uwanjani, anapimwa macho. Anayekwambia mtoto abaki nyumbani ni mwizi."

Noaga alicheka mpaka akakohoa.

"Mla vichwa vya mbwa! Unaogopa binti yangu atakuwa bosi wako?"

Noaga ni Mmossi, Toé ni Msamo. Makabila hayo mawili ni watani tangu enzi za mababu. Kwetu, mtani akikwambia mvua inakuja, wewe unaanika nguo.

Asubuhi ya mtihani Toé alipita na pikipiki yake. Akamkuta Azeta anaosha vyombo uani, baba yake kando.

"Azeta! Wenzako wanaingia ukumbini!"

"Baba amesema nibaki."

"Noaga, leo sitanii. Panda, binti yangu. Tutawahi."

"Kila mtani husema hatanii," Noaga akajibu huku akicheka. "Nenda kazini, mtumwa wangu, utachelewa."

"Baba, niende?" Azeta akauliza.

"Osha vyombo."

Akaosha, huku machozi yakimtoka. Toé alingoja kidogo, kisha akaondoka peke yake.

Matokeo yalipobandikwa, jina la Azeta halikuwemo. Lingekuwemo vipi? Simu ya Salifu haijapatikana tena mpaka leo.

Toé alikuja kuwapa pole. Noaga aliinamisha kichwa akisubiri kuchekwa.

"Nitukane basi," akasema. "Niite punda."

Sisi na watani wetu tunataniana hata msibani, juu ya kaburi bichi. Siku ile Toé alinyamaza, na Noaga akalia mbele ya watoto wake.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya mdogo mtu, Talato. Safari hii Noaga alikwenda mwenyewe kumuuliza Toé, akasikiliza kila neno. Talato alijiandikisha mwenyewe. Azeta ndiye aliyemfundisha hesabu. Azeta ndiye aliyekimbia naye alfajiri kwenye barabara ya vumbi. Matapeli wawili walikuja uani na maneno yao matamu, na Noaga akawafukuza na pampu mkononi.

Talato alifaulu. Akamaliza mafunzo, akarudi nyumbani amevaa sare. Mama yake alipika wali na maharage, majirani wakajaa uani. Noaga hakuweza kukaa chini kwa furaha.

"Tazameni!" akasema kwa sauti. "Mungu amenipa afisa forodha!"

Azeta alikuwa akipakua chakula. Hakuinua macho.

"Alikupa wawili, baba," akasema.